Waingereza wa kike na viwango vya WTA: uzi wa wanaohesabu pointi kila Jumatatu

#1 Mleta uzi

Habari wakuu. Msimu wa 2025 wa tenisi umefungwa na Emma Raducanu ameumaliza akiwa wa 29 duniani. Kwenye makundi ya michezo nimekuta watu wanaitaja namba hiyo kwa masikitiko, eti bingwa wa US Open ndiyo ameishia hapo. Mimi naona kinyume kabisa. Hii 29 ina thamani kubwa kuliko ile 10 aliyoifikia Julai 2022, na nitaeleza kwa nini. Naomba uvumilivu, maana itabidi tuingie kwenye hesabu.

Kwa wageni wa mchezo huu: viwango vya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, vinatoka Jumatatu. Pointi unayoipata leo inaishi wiki 52, basi. Shindano lile lile likirudi mwakani, pointi za mwaka uliopita zinafutwa na zinaingia utakazopata safari hii. Ni kama kodi ya pango: hata kama mwaka jana ulilipa yote kwa mkupuo, tarehe ikifika unaanza upya. Kwa mchezaji mmoja mmoja yanahesabiwa mashindano 18. Bingwa wa Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open), anapata 2,000, anayefika fainali 1,300, nusu fainali 780, robo fainali 430, raundi ya nne 240, ya tatu 130, ya pili 70, na anayetolewa raundi ya kwanza 10. Mashindano ya ngazi za chini yanatoa pungufu.

Sasa mrudi 2021. Raducanu anafika New York kwenye US Open akiwa wa 150, umri miaka 18, anaanzia kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania kuingia droo kuu. Mechi tatu za mchujo, saba za droo kuu, jumla kumi, seti ishirini, na hakupoteza hata moja. Fainali akamfunga Leylah Fernandez 6-4, 6-3. Hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kutoka kwenye mchujo akatwaa Grand Slam. Alichukua pointi 2,000 za ubingwa na 40 za kupita mchujo, akaruka kutoka 150 hadi 23. Mwaka uliofuata akapanda hadi 10.

Lakini iangalieni ile 10 ilikuwa imesimama juu ya nini. Sehemu kubwa ilikuwa zile 2,040 za wiki tatu za New York. Agosti 2022 akatolewa raundi ya kwanza na Alizé Cornet. Zikatoka 2,040, zikaingia 10, akashuka hadi 83. Watu wakaandika kwamba binti amekwisha. Ukweli ni kwamba tenisi yake ya Septemba haikuwa mbaya kuliko ya Julai, ila nguzo moja iliyokuwa inabeba paa zima ilikuwa imeondolewa. Kisha Mei 2023 akafanyiwa upasuaji wa vifundo vya mikono yote miwili na kifundo cha mguu, na alipoanza 2024 alikuwa nje ya 300 bora.

Kutoka huko amepanda hadi ndani ya 60 mwishoni mwa 2024, na sasa 29. Tazameni ametoa wapi pointi za 2025: robo fainali Miami 215, nusu fainali Washington 195, raundi ya tatu Australia, Wimbledon na US Open 130 kila moja, raundi ya nne Roma 120, robo fainali Queen's ya London 108. Hakuna shindano hata moja lililompa zaidi ya 215. Maana yake ni kwamba lolote likimharibikia mwakani, anapoteza tofali moja na ukuta unabaki. Mwaka 2022 hakuwa na ukuta.

Mfano wa pili ni Sonay Kartal wa Brighton, na huyu ndiye anayefundisha hesabu hizi vizuri kuliko wote. Wimbledon 2024 aliingia kupitia mchujo akafika raundi ya tatu, akatolewa na Coco Gauff. Hapo alikusanya 130 na 40 za mchujo, jumla 170. Wimbledon 2025 akafanya vizuri zaidi: alimtoa Jelena Ostapenko raundi ya kwanza, akaenda hadi raundi ya nne. Uwanja mzima ulisimama. Pointi 240. Toa 170 za mwaka jana, faida halisi ni 70!

Kisha Septemba. Mwaka 2024 alitwaa ubingwa wa Monastir, Tunisia, taji lake la kwanza la WTA, pointi 250. Septemba 2025 zikafutwa. Wiki chache baadaye akaenda Beijing akamfunga Mirra Andreeva aliyekuwa miongoni mwa watano bora duniani, akafika robo fainali. Pointi 215. Yaani mojawapo ya mashindano makubwa kabisa ya maisha yake haikutosha hata kuziba pengo la Monastir. Anayesoma namba tu atasema Kartal kasimama, lakini mimi niliyeziona mechi nasema amekuwa mchezaji mwingine kabisa.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Kila mwaka tunawakumbuka hawa dada wiki mbili za Wimbledon, wakitolewa tunasema Waingereza hawana kitu. Kazi yenyewe inafanyika Februari na Oktoba, kwenye viwanja vyenye watazamaji wachache. Katie Boulter na Francesca Jones nitawajia. Nani mwingine anafuatilia?

#2 Mdau wa Tanga

Mkuu, uzi mzuri ila hapo kwenye 29 kuizidi 10 sikubaliani nawe. Grand Slam ni Grand Slam. Kuna wachezaji walioongoza dunia nzima bila kushika hata moja. Raducanu hata akistaafu kesho jina lake limeandikwa. Ukimuuliza yeye mwenyewe achague kati ya lile kombe na "ukuta" wako wa matofali, unafikiri atachagua nini?

Halafu tuwe wakweli, kwa historia yao 29 ni ndogo. Virginia Wade alikuwa wa 2 mara tu viwango vya kompyuta vilipoanza Novemba 1975, na Wimbledon aliitwaa 1977. Sue Barker alifika wa 3 na aliitwaa French Open 1976. Jo Durie alikuwa wa 5 mwaka 1984. Hao ndio kipimo.

#3 Mleta uzi

Mdau wa Tanga, shukrani. Kombe sikulidharau na sitalidharau. Ninachosema ni kwamba kombe linakuambia wiki tatu, kiwango kinakuambia mwaka. Ni maswali mawili tofauti.

Kuhusu historia umegusa penyewe, lakini umemruka mtu ninayemwona ndiye kielelezo cha hawa wa sasa: Johanna Konta. Katikati ya 2015 alikuwa karibu na nafasi ya 150, ana miaka 24, na wengi hawakuwa wanamtaja. Kiangazi kile akaenda Canada kwenye mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, akashinda mawili mfululizo, moja Granby na jingine Vancouver. Akatoka hapo akaingia mchujo wa US Open akafika raundi ya nne, kwa mfululizo wa ushindi wa mechi 16. Januari 2016 akafika nusu fainali ya Australian Open, Melbourne, Mwingereza wa kwanza wa kike kufika hatua hiyo ya Grand Slam tangu Durie mwaka 1983. Oktoba akaingia kumi bora. 2017 akatwaa Miami, akafika nusu fainali Wimbledon, na Julai hiyo akawa wa 4.

Hakuwahi kucheza fainali ya Grand Slam. Lakini alipandisha ngazi moja moja, na kumi bora hakuiingia kwa bahati ya droo moja. Mimi nikimtazama Raducanu wa 2025 namwona anajifunza kazi ya Konta.

Na katikati kuna wale ambao mwili uliwakatalia. Laura Robson, medali ya fedha ya Olimpiki 2012 na Andy Murray, alifika 27 mwaka 2013, kisha kifundo cha mkono kikammaliza. Heather Watson alifika 38 mwaka 2015. Kila ninapoona mtu anamkejeli Raducanu kwa majeraha namkumbuka Robson.

#4 Dada wa Mombasa

Mie nimengoja umtaje Francesca Jones naona wamwacha mwisho. Huyu ndiye aliyenifanya nianze kufuatilia haya mambo. Tafadhali mweleze vizuri, wengi humu hawamjui.

#5 Mleta uzi

Dada, sikumwacha kwa kumdharau, nilitaka apate nafasi yake.

Francesca Jones ana umri wa miaka 25. Alizaliwa na hali ya kurithi inayoathiri ukuaji wa viungo: kila mkono una vidole vitatu na gumba, mguu wa kulia una vidole vitatu na wa kushoto vinne. Alipokuwa na miaka minane madaktari walisema hataweza kucheza tenisi ya kulipwa. Akiwa bado mtoto akahamia Barcelona kufundishwa huko. Hutumia raketi nyepesi yenye mpini mwembamba ili aweze kuikamata. Wengi huangalia mikono, lakini kwa mchezaji tenisi vidole vya miguu ndivyo vinavyoshikilia mizani unapokimbilia mpira pembeni na kusimama ghafla. Amelazimika kujenga nguvu ya miguu na kiuno kufidia hilo.

Mwaka 2021 alipita mchujo wa Australian Open, dunia ikamsikia, halafu majeraha yakamrudisha nyuma kwa miaka. Aprili 2025, Bogotá, aliishiwa nguvu kabisa katikati ya mechi, akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Miezi mitatu baadaye, Julai, akatwaa Contrexéville huko Ufaransa, na mwezi ule ule akatwaa Palermo. Yote mawili ni mashindano ya ngazi ya WTA 125, namba hiyo ikiwa ndiyo pointi za bingwa.

Hesabu: 125 mara mbili ni 250, sawasawa na ubingwa kamili wa WTA 250. Na taji moja la 125 linakaribia kabisa raundi ya tatu ya Grand Slam yenye 130. Ndivyo alivyoingia 100 bora kwa mara ya kwanza maishani, na ndani ya 100 ndimo alimomaliza mwaka. Mashindano ya namna hii hayaonyeshwi na televisheni zetu, ila ndiyo yanayoamua nani anaamkia wapi.

#6 Kijana wa Eldoret

Swali la kizembe kidogo: kwa nini kila mtu anasema 100 bora, 100 bora? Tofauti ya 98 na 112 ni nini hasa? Si wote wanacheza tu?

#7 Mleta uzi

Si la kizembe hata kidogo, ndilo swali la maana kuliko yote.

Droo kuu ya Grand Slam ina wachezaji 128. Kati yao 104 wanaingia moja kwa moja kwa kiwango chao kama kilivyosomeka wiki sita hivi kabla. Nafasi 16 ni za waliopita mchujo, 8 ni za mwaliko. Kwa hiyo mtu wa 98 anapanga safari yake, analala, anaingia. Mtu wa 112 akikosa bahati ya wengine kujitoa, anaenda mchujo, mechi tatu mfululizo, na akipoteza moja amerudi nyumbani.

Kisha pesa. Wimbledon 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu aliondoka na pauni 66,000. US Open ilikuwa dola 110,000. Zizidishe kwa Grand Slam nne. Hapo ndipo mchezaji anapata uwezo wa kumlipa kocha, mtaalamu wa viungo na nauli za mwaka mzima. Aliyeko nje ya mstari anazunguka na mashindano ya W35 na W50 ambayo mshindi wake anapata pointi 35 au 50, na pesa yake mara nyingi inaishia kwenye hoteli na ndege.

Mstari wa pili ni 32. Wachezaji 32 wa juu hutenganishwa kwenye droo wasikutane wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Ndiyo maana ile 29 ya Raducanu inanifurahisha kiasi hiki. Wimbledon 2025 alikuwa nje ya 32, akamkuta Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia, raundi ya tatu tu, akapoteza 7-6, 6-4 kwenye mechi ambayo alikuwa na nafasi zake. Akibaki ndani ya 32 hadi droo ya Melbourne, itakuwa mara ya kwanza kutenganishwa kwenye Grand Slam tangu US Open ya 2022.

#8 Mkazi wa Leicester

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa naongea kwa sababu Katie Boulter ni wa mji huu ninaoishi, na naona anasahauliwa.

Nottingham si mbali na hapa, nusu saa hivi kwa treni. Nilikuwepo wiki ya ubingwa wake wa 2023 alipomfunga Jodie Burrage kwenye fainali, Waingereza wawili wakichezea taji la WTA kwenye ardhi yao. Pale uwanja wa mazoezi uko karibu sana na njia ya watazamaji, unasikia hata kocha anavyosema. Alirudi 2024 akalitetea, fainali na Karolína Plíšková. Katikati, Machi 2024, alitwaa San Diego yenye pointi 500. Novemba akawa wa 23.

Watu hawajui huyu dada ametoka wapi. Akiwa binti mdogo aliugua ugonjwa wa uchovu usioisha, kuna kipindi hakuweza kufanya chochote. Mwaka 2019 akaumia mgongo akiichezea timu ya taifa na akaanguka hadi nje ya 300. Hajawahi kupewa njia nyepesi.

Halafu 2025 zikaja hizo hesabu za mleta uzi. Machi zikamtoka 500 za San Diego. Juni hakuweza kulirudisha taji la Nottingham, zikaenda 250 nyingine. Katikati ya hayo, Mei, akatwaa WTA 125 ya Paris kwenye udongo, uwanja ambao zamani alikuwa haupendi hata kidogo. Lakini 125 haiwezi kuziba 750. Amemaliza mwaka karibu kabisa na ule mstari wa 104. Inauma.

#9 Mleta uzi

Mkazi wa Leicester, umenitolea kazi niliyokuwa nimejipa, na umeifanya kwa kuona kwa macho. Shukrani sana. Naongeza jambo moja tu: taji la udongo mwaka huo huo alioporomoka ndilo ninalolishikilia mimi. Mchezaji wa nyasi na uwanja mgumu akijua na udongo anapata miezi miwili zaidi ya kukusanya.

#10 Mdau wa Morogoro

Nauliza kuhusu timu ya taifa. Septemba 2025 Billie Jean King Cup ilichezwa Shenzhen, Boulter na Kartal wakaenda, wakaitoa Japani, wakafungwa na Marekani nusu fainali. Raducanu hakwenda, akachagua Seoul. Je, hapo unamtetea pia? Mimi nimekereka. Bendera kwanza.

#11 Mleta uzi

Mkuu, najua nitapingwa. Ndiyo, namtetea, lakini kwa kiasi.

Billie Jean King Cup haitoi pointi hata moja za viwango. Seoul ni WTA 500. Yeye alikuwa anausaka mstari wa 32 na mwaka ulikuwa unaisha. Alipofika Seoul hakufika mbali, alitolewa na Barbora Krejčíková raundi ya pili, kwa hiyo waliokereka walipata la kusema. Lakini uamuzi haupimwi kwa matokeo peke yake.

Upande wa pili, Kartal na Boulter nao walikuwa na pointi za kutafuta, tena kwa shida kubwa kuliko yeye, na walikwenda. Hilo nalo lazima lisemwe na waheshimiwe. Kama mchezo wenyewe ungeweka pointi kwenye mechi za taifa, hakuna dada ambaye angelazimishwa kuchagua. Lawama yangu iko huko.

#12 Dada wa Mombasa

Nami nina yangu. Tumejadili Waingereza kurasa na kurasa, Angella Okutoyi wetu je? Alishinda Wimbledon ya vijana 2022, wachezaji wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Mbona hana uzi?

#13 Mleta uzi

Dada, anastahili uzi wake mwenyewe, na wewe ndiye wa kuufungua. Nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Ila nakuambia hivi: kumfuata Jones na Kartal ni kuisoma njia ambayo Okutoyi anatakiwa kuipita. Ngazi ni ile ile, W15, W35, W75, kisha 125, kisha mchujo wa Grand Slam. Tofauti ni nani anayelipia. Chama cha tenisi cha Uingereza kinapata faida ya Wimbledon kila mwaka, na Juni kuna mfululizo wa mashindano ya nyasi nyumbani kwao, Queen's, Nottingham, Eastbourne, yenye nafasi za mwaliko kwa vijana wao. Binti wa Nairobi hana mwezi wa Juni wa namna hiyo. Pointi za mwanzo inabidi azifuate kwa ndege. Hilo ndilo ninaloliwaza kila ninapoona Mwingereza wa 250 duniani anapewa mwaliko wa droo kuu.

#14 Mdau wa Tanga

Haya mkuu, umenisogeza kidogo, ila kwenye kombe nabaki palepale. Sasa tupe ratiba. Januari tuangalie nini?

#15 Mleta uzi

Kwanza saa. Melbourne mechi za mchana zinaanza saa tisa usiku kwa saa zetu, na zile za usiku wao kwetu ni saa tano asubuhi. Kwa hiyo wenye kazi za ofisini, jiandaeni.

Raducanu ana 130 za kutetea pale, raundi ya tatu ya 2025 alipofungwa na Iga Świątek 6-1, 6-0. Kwa droo ya waliotenganishwa hizo zinafikika, na kila mechi juu ya hapo ni faida. Mtihani wake mkubwa ni Machi, Miami, zile 215. Boulter ana 70 tu Melbourne, na San Diego haimdai tena, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza karibu yote ni ya kupanda, mradi mwili ukubali. Kartal anadaiwa Indian Wells, ambako 2025 alishapoteza kwenye mchujo, akaingizwa baada ya mwingine kujitoa, akafika raundi ya nne hadi kukutana na Sabalenka. Pointi 120.

Jones ndiye ninayemtolea macho zaidi. Pointi zake kubwa zinakaa Julai, kwa hiyo akishinda mechi tatu nne za ngazi ya juu kabla ya hapo, mnaweza kumwona 50 bora ifikapo Wimbledon. Jumatatu ya kwanza baada ya Melbourne nitaweka hapa namba zote nne, kila mwenye masahihisho alete.